Kabla ya kupanda jukwaa la kwanza: maandalizi ya mwandishi wa vitabu vya kujijenga anayeanza ziara

Kitabu kikishapokelewa vizuri, mialiko huanza kuja. Kwanza kikundi kidogo cha wasomaji, kisha chuo, kisha kongamano la nchi nyingine, na siku moja unafungua kalenda unakuta miji 9 ndani ya wiki 3. Wengi huanza kujiandaa hapo, na hapo wameshachelewa. Nimeishi maisha haya kwa miaka kadhaa, na jambo kubwa ninaloweza kumwambia anayeanza ni kwamba ziara hula kile kile unachokwenda kukigawa. Unaitwa kuzungumzia utulivu wa moyo, na usiku wa kuamkia hotuba umelala kwa saa 3 tu. Unaitwa kuzungumzia familia, na mwezi mzima hujakaa meza moja na watoto wako. Ndiyo maana maandalizi ninayoyasema hapa hayaanzi na sanduku.

Anza kwa kukisoma kitabu chako mwenyewe, kalamu mkononi. Kati ya siku uliyomaliza mswada na siku ya kupanda jukwaani mara nyingi hupita mwaka au zaidi, na mtu hubadilika. Weka alama kwenye kila zoezi ulilowafundisha wengine ambalo wewe umeliacha. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikutana na sura nzima inayohimiza kukaa kimya asubuhi kabla ya kugusa simu, ilhali kwa miezi 4 simu ndiyo iliyokuwa ikiniamsha na ndiyo niliyoishika kwanza. Niliona aibu, lakini aibu ile ilinisaidia. Nilirudia zoezi lile wiki 6 kabla ya kuondoka, na mada mbili nilizoshindwa kuzirudia katika maisha yangu niliziondoa kwenye hotuba. Usisimame mbele ya watu kusema "fanyeni" juu ya jambo ambalo hulifanyi. Huenda wasikubaini, ila wewe utajua, na kila ukilirudia neno hilo mji kwa mji litazidi kupungua uzito kinywani mwako.

Kisha jaribu hotuba mahali padogo. Samuel Smiles, daktari wa Uskoti aliyechapisha mwaka 1859 kitabu kilichoipa aina hii ya uandishi jina lake la Kiingereza, alianza kwa kuzungumza na vijana wa kazi mjini Leeds waliokuwa wakikutana jioni kufundishana. Maneno yalipita kwanza mbele ya watu waliochoka na wenye maswali halisi, ndipo yakawa kitabu. Tafuta watu 10 au 15 wasiokudai chochote wala wasiozoea kukusifu, wape hotuba nzima, kisha uwaulize wanakumbuka nini. Wanachokikumbuka ndicho hotuba yako. Kilichobaki kipunguze.

Hesabu pia muda. Mzungumzaji asiyekimbia hutamka maneno kama 130 kwa dakika, kwa hiyo dakika 40 ni maneno 5,000 na ushei, bila kuhesabu kicheko, kimya na mtu anayechelewa kuketi. Andaa toleo la dakika 20 pia, kwa sababu ratiba za makongamano hupitiliza na mara nyingi mgeni ndiye anayekatwa muda. Kama utatafsiriwa sentensi kwa sentensi, nusu ya muda si yako. Mpelekee mkalimani maandishi siku chache kabla, pamoja na methali na majina yote, umwokoe na fedheha ya kubuni papo hapo.

Kuna somo jingine kutoka kwa Russell Conwell, mhubiri wa Marekani aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia. Hotuba yake moja aliitoa zaidi ya mara 6,000, na mapato yake aliyaelekeza kuwasomesha vijana wasio na uwezo. Mtu angedhani hotuba ya namna hiyo huchakaa. Yeye alikuwa akifika mjini mapema, anazungumza na mkuu wa posta, kinyozi, mwenye hoteli, mwalimu mkuu na wachungaji, anaingia madukani kusikiliza habari za watu, ndipo anapanda jukwaani kuzungumza juu ya mji ule. Kwa hiyo unapopanga safari, usikubali kufika zikiwa zimebaki saa 2 tu kabla ya kuzungumza. Omba nusu siku ya kutembea na kusikiliza. Mwenyeji wako atashangaa kidogo, lakini atakuelewa.

Mkataba usiuache mikononi mwa nia njema. Hata rafiki anapokualika, yaandikwe malipo na tarehe yake, sehemu inayotangulizwa, nani anakata tiketi, nani analipia viza na malazi, na nini kinatokea shughuli ikiahirishwa. Yaandikwe pia mambo mawili yanayosahaulika: nani anamiliki video ya hotuba yako, na kama unaruhusiwa kuuza vitabu ukumbini. Ukilipwa nje ya nchi yako, uliza mapema kuhusu kodi ya zuio. Nchi nyingi humkata mzungumzaji wa kigeni kodi kabla ya kumkabidhi fedha. Dai cheti cha makato hayo, kwa sababu ndicho kitakachokusaidia usitozwe mara ya pili nyumbani pale ambapo nchi hizo mbili zina mkataba wa kodi. Wapo wanaoona haya kuzungumza fedha kwa kuwa kazi yao ni ya kiroho. Mimi naona kinyume chake: fedha zisizozungumzwa huzaa kinyongo, na kinyongo hupanda nawe jukwaani.

Nyaraka ni suala la siku moja ukizianza mapema na la machozi ukizichelewesha. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Uliza aina ya viza, maana anayelipwa kuzungumza anaweza kuzuiwa mpakani akiwa na viza ya utalii tu. Chanjo ya homa ya manjano, pale inapodaiwa, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Tangu mwaka 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote.

Vitabu vina uzito kuliko tunavyofikiri. Kitabu chepesi cha kurasa 200 hukaribia gramu 300, kwa hiyo nakala 100 ni kilo 30, na mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha kilo 23 kwa sanduku moja. Afadhali uvitangulize, au ukubaliane na mwenyeji avichapishe huko kwa idhini ya mchapishaji wako. Slaidi zihifadhiwe sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye barua pepe. Betri ya akiba ya simu ibaki kwenye mkoba wa mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Na fundi wa kipaza sauti mfahamu kwa jina kabla watu hawajaingia.

Mwili nao una mpaka. Unapovuka majira ya saa, mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kuelekea mashariki huwa kugumu zaidi kwa sababu unaulazimisha ulale kabla ya wakati wake. Tofauti ikiwa ya saa 6, kufika usiku na kuzungumza asubuhi ni kuwadhulumu waliolipa kiingilio. Sauti itunze kwa maji kabla ya kiu, na kwa kunyamaza kabisa kati ya hotuba, kwa kuwa kunong'ona hakuipumzishi. Ikibaki imekwaruza zaidi ya wiki 3, muone daktari. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikuwa na sauti na kipaji cha kusisimua ukumbi mzima, na ziara zake za kusoma mbele ya watu zilimwingizia fedha nyingi. Mwezi wa Aprili 1869 afya yake ilivunjika akiwa katika mji wa Preston na ziara ikasimamishwa. Alirudi jukwaani London mwanzoni mwa 1870 kwa vipindi vichache vya kusoma vya kuaga, daktari wake akiwa karibu kumpima mapigo ya moyo. Juni mwaka huo alifariki, akiwa na miaka 58. Ninapoona ratiba isiyo na siku tupu hata moja, namkumbuka yeye.

Sasa nifike kwenye lile ninalotamani ningeambiwa mapema. Baada ya hotuba watu watakujia. Wengi watataka sahihi na picha, lakini mmoja atasubiri hadi wote waondoke, kisha akueleze jambo ambalo hajamwambia mtu. Amefiwa na mtoto. Anapigwa. Hataki kuishi tena. Mara ya kwanza iliponitokea sikuwa na chochote mkononi ila sentensi za kitabu changu, na nilizisikia zilivyo nyepesi. Tangu siku ile, kabla ya kila mji namwomba mwenyeji anipatie namba za daktari, mnasihi na huduma ya dharura ya kisaikolojia zinazofanya kazi mahali pale, na anitafutie mtu mwenye taaluma hiyo akae ukumbini. Mtu akisema anataka kujiua, muulize waziwazi, msikilize, usimwache peke yake, na umkabidhi mkononi kwa mtu huyo. Usimwahidi kwamba utampigia kila wiki, maana hutaweza, na ahadi iliyovunjwa humwumiza aliyekwisha kuumia. Usimwambie mgonjwa aache dawa, hata kama wewe ulipona kwa sala na tafakuri. Na usijifungie naye chumbani. Kaeni mahali panapoonekana lakini pasiposikika.

Hilo linahusu pia mazoezi unayowapa watu kwenye semina za siku kadhaa. Mwaka 2009, karibu na Sedona katika jimbo la Arizona, watu 3 walipoteza maisha baada ya zoezi la kiroho ndani ya kibanda cha mvuke na joto kali, lililoongozwa na mwandishi na mzungumzaji maarufu wa kujijenga. Mwaka 2011 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua kwa uzembe, akahukumiwa miaka 2 gerezani. Waliokuwa mle ndani walimwamini. Kama zoezi lako lina kufunga, joto, baridi, kushika pumzi au kukesha, weka mtu wa tiba pale, uliza afya za watu kabla, na tamka kwa sauti kwamba kila mtu anaweza kutoka muda wowote bila kuonekana dhaifu. Ukiona huwezi kuvumilia mtu kutoka, zoezi hilo lifute.

Baada ya kuwafikiria wasikilizaji, jifikirie wewe na sifa. Makofi ya usiku baada ya usiku huingia ndani, hata kwa mtu mnyenyekevu, na chumba cha hoteli kinachofuata huwa kimya mno. Kabla hujaondoka mchague mtu mmoja aliyekujua kabla ya kitabu, asiyekuogopa wala kukutegemea kwa riziki, umtumie rekodi ya hotuba kila wiki akuambie ukweli. Mwenye mlezi wa kiroho amweleze ratiba yake yote. Ibada yako ya kila siku, iwe sala, tafakuri au kuandika, ipunguze hadi kipimo ambacho hata uwanja wa ndege hauwezi kukiiba. Mimi nilianza na saa nzima, nikashindwa siku ya tatu. Sasa ni dakika 15, na sijazikosa kwa ziara mbili. Katika kila siku 7, moja isiwe na hotuba, mahojiano wala safari. Iandikwe kwenye kalenda kama miadi, kwa sababu nafasi tupu mwandaaji ataijaza.

Na nyumbani waulizwe, wasiarifiwe tu. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alizunguka dunia akitoa mihadhara kuanzia 1895 hadi 1896 ili alipe madeni yaliyomwangusha, na kufikia 1898 alikuwa ameyalipa yote kwa heshima. Lakini Agosti 1896, ziara ikiwa ndiyo kwanza imekwisha na yeye yuko Uingereza, binti yake Susy alifariki nyumbani Marekani. Hakumuwahi. Siwezi kusema hakupaswa kusafiri. Deni ni deni. Ninachosema ni kwamba keti na wa nyumbani kabla, mkubaliane ni habari gani itakufanya ukatize ziara na kurudi, na uiweke katika mkataba kuwa sababu halali ya kuahirisha bila faini. Nilipolipendekeza hilo kwa mara ya kwanza, mwandaaji alisita. Nilimwambia bila kipengele hicho sitasaini, akakikubali.

La mwisho ni siku za kurudi, nazo hupangwa kabla ya kuondoka. Huwa naziacha siku 5 bila kazi. Siku ya kwanza na ya pili nalala na kula na watu wangu, bila kuwasimulia sana. Ya tatu najibu barua za wasikilizaji. Mbili zilizobaki nazitumia kuandika kwa mkono yale niliyoyasikia kwa watu wa kila mji, na mara nyingi humo ndimo kinamoanzia kitabu kinachofuata. Siku hizo 5 naziwekea alama ya wino mwekundu kwanza, ndipo nakata tiketi ya kwenda.