Kupata mapishi ya bibi kwa vipimo: mkate wa kumimina

Binamu yangu yuko Muscat, na alitaka mkate wa kumimina utoke kama wa bibi yetu. Karatasi aliyokuwa nayo ilisema: mchele vikombe viwili, tui kiasi, hamira kidogo, sukari ya kutosha. Kwa maneno hayo hupiki kitu. Niliingia jikoni na bibi nikiwa na mizani, na hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Usimwulize, mpime

Ukimwuliza mpishi mzee anatia sukari kiasi gani, atakujibu "kiasi", na ni kweli: kipimo kiko mkononi mwake. Mwache apike kama siku zote. Kabla hajaanza, pima kila chombo pamoja na kilichomo: kopo la sukari, bakuli la tui, kikopo cha hamira. Akimaliza, pima tena. Kilichopungua ndicho alichotia. Usimsimamishe ili amimine kwanza kwenye kikombe chako, maana mkono ukishakatizwa hautii tena kama ulivyozoea.

Nunua mizani ya kidijitali ya jikoni. Vikombe achana navyo. Kikombe cha bati cha bibi tulikijaza maji tukakipima: mililita 300, wakati cha vitabu vya mapishi ni 240 au 250. Hamira na yai haviongezeki kwa kikombe, kwa hiyo tofauti hiyo inatosha kuharibu mkate. Akikutajia kibaba, pima hichohicho chake.

2. Mchele

Gramu 400 za basmati, osha, loweka usiku kucha, chuja. Unga wa mchele wa dukani usiutumie, mkate hutoka na chengachenga.

3. Tui, na uzito wa mchanganyiko

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo binamu yangu alipokuwa anakwama.

Mchele uliolowekwa umeshakunywa maji. Gramu 400 zikavu hufika zaidi ya 500 baada ya kuchujwa, na ukichuja kwa haraka maji mengine yanabaki chini. Ndiyo maana siku moja tui lilelile linatosha na siku nyingine linazidi. Acha mchele kwenye chujio mpaka usidondoshe tone, ndipo uupime.

Tui liwe zito, la mkamuo wa kwanza, karibu mililita 300. Usilimimine lote. Anza na 200, saga kwenye blenda, ongeza kidogokidogo mpaka ukisugua kwa vidole usisikie chembe. Mimi nakuna nazi kwenye mbuzi na kukamua kwa kifumbu. La boksi nalitumia nikikosa nazi tu. Ukilazimika kutumia la boksi, kumbuka kwamba mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo tui lililotoka kwenye friji huonekana zito kuliko lilivyo. Lipashe liwe vuguvugu, litikise, ndipo upime. Likiwa la moto, hamira inakufa.

Sukari, gramu 150, itie mwishoni mwa kusaga pamoja na iliki nusu kijiko cha chai. Sukari ikiyeyuka hulegeza mchanganyiko, kwa hiyo usiamue kwamba ni mzito mno kabla haijaingia. Sasa chota kwa upawa umimine kutoka juu: ushuke kama utepe usiokatika, na alama yake ipotee polepole. Ikipotea papo hapo, umelegea. Ongeza mchele uliolowekwa kiganja kimoja usage tena. Kwa sababu hii bibi hubakiza mchele pembeni kila mara.

4. Hamira

Kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chembe, na ute wa yai moja. Funika mpaka uumuke na kujaa vipovu. Ukishaumuka usikoroge.

5. Kuoka

Pasha sufuria ya sentimita 24, paka samli, mimina. Ukimimina usikie "chsss"; bila sauti hiyo chini hapashiki vizuri. Moto mdogo, funika, mpaka vitundu vijitokeze juu na pembeni pashike. Kisha palia makaa juu ya mfuniko, au ingiza kwenye oveni ya nyuzi 180 mpaka uso uwe rangi ya dhahabu.

6. Kuandika

Rekodi sauti yake kwenye simu wakati anapika, kisha nakili kwenye daftari kwa maneno yake: "mpaka unukie", "mpaka ulie". Dakika hubadilika kwa jiko, dalili hizi hazibadiliki. Andika aina ya mchele, ukubwa wa sufuria na tarehe. Nakala ziwe na ndugu kadhaa, zisikae kwenye simu moja.

Halafu pika mwenyewe, yeye akae tu, aonje. Akisema tui limepungua, ongeza mililita 20 safari ijayo, uandike pembeni, umpelekee tena.