Andika kabla hujalala
Anayekusudia kuandika juu ya filamu mwaka mzima asitegemee kumbukumbu, kwa kuwa ifikapo Desemba filamu aliyoitazama Februari huwa imebaki jina tu. Weka daftari moja, na usiku uleule, kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine, andika tarehe, mahali ulipoitazamia na tukio moja kwa undani: mkono uliotetemeka ukimimina chai, au taa iliyozimwa kabla jibu halijatolewa. Nilipotazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, niliandika "nzuri sana" basi, maneno ambayo leo hayanisaidii chochote. Muhtasari wa hadithi usikusumbue. Huo utaupata popote.