Baiskeli ya Umeme au ya Kawaida kwa Miinuko ya Moshi: Namna ya Kuchagua, Kupima Betri na Kuanza Kupanda

Miezi mitatu iliyopita nilimsaidia mwalimu mmoja anayeishi Uru na kufundisha mjini Moshi kuchagua baiskeli. Alitaka kuachana na bodaboda za kila jioni na papo hapo apate mazoezi, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Kaka, nikinunua ya umeme si nitakuwa nimenunua pikipiki tu? Mazoezi yatatoka wapi?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi na watu wa Moshi na Arusha, kwa hiyo nimeona niandike hatua tulizopitia pamoja, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya kwanza: Tambua nyumba yako iko upande gani wa mlima

Watu wengi huanza kwa kuuliza umbali, ilhali huku kwetu kinachoamua ni mwinuko. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo barabara za Kibosho, Uru, Old Moshi na Machame zinapanda tu. Anayeishi mjini na kuendesha baiskeli kujifurahisha hupanda asubuhi akiwa na nguvu, na akichoka hugeuza akateremka hadi nyumbani bila kukanyaga pedeli. Anayeishi mlimani na kufanya kazi mjini hupanda jioni, baada ya kusimama kutwa, na hana mteremko wa kumwokoa. Kwa huyu wa pili ninapendekeza ya umeme bila kusita, kwa sababu nimeona baiskeli nyingi nzuri za kawaida zikiishia ukutani baada ya wiki tatu. Kwa wa kwanza, hasa akiwa na afya njema na anapenda njia tambarare kama zile za msitu wa Rau, baiskeli ya kawaida inatosha kabisa na fedha inayobaki atanunulia matairi mazuri.

Hatua ya pili: Jaribu zote mbili kwenye kilima kimoja

Azima au kodi baiskeli ya kila aina, uchague kipande cha kilomita mbili au tatu cha mlima, na upande kwa siku mbili tofauti, saa ileile. Ukipanda, jaribu kuzungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye mazoezi ya wastani. Ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, uko kwenye mazoezi makali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na baiskeli ya umeme inayosaidia unapokanyaga inaweza kukufikisha hapo.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwapa waendeshaji wazoefu 33 baiskeli za mlimani za aina zote mbili, na wastani wa mapigo ya moyo kwenye ya umeme ukawa karibu asilimia 94 ya ule wa baiskeli ya kawaida. Hao walikuwa wazoefu wanaokanyaga kwa bidii, kwa hiyo usitarajie uwiano huohuo ukiiweka mota kwenye msaada wa juu kabisa na kuacha miguu izunguke tu. Mwalimu alipanda kipande chetu kwa msaada wa chini, na alipofika juu alikuwa na jasho la kweli mgongoni. Hapo ndipo hofu yake ya pikipiki ilipoisha.

Hatua ya tatu: Ukichagua ya kawaida, hesabu meno ya gia

Usidanganywe na rangi wala idadi ya gia. Angalia gia ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Baiskeli ya mtumba yenye meno 22 mbele na 34 nyuma ina gia nyepesi karibu sawa na baiskeli mpya ya bei kubwa yenye meno 32 mbele na 50 nyuma, na kwenye milima yetu wepesi huo ndio unaohitaji. Kisha hakikisha fremu haina ufa na magurudumu hayajapinda.

Hatua ya nne: Ukichagua ya umeme, angalia mota ilipo

Mota ya katikati, iliyokaa kwenye ekseli ya pedeli, hutumia gia zako mwenyewe, kwa hiyo hupanda polepole bila kuumia. Mota ya kwenye habu ya gurudumu ni nafuu na inafaa tambarare, lakini ikipanda mwinuko mkali kwa mwendo wa kutembea kwa dakika nyingi hupata joto kali. Kama unapanda kila siku, nunua ya katikati, na ukubali kwamba itakula cheni mapema zaidi. Chagua pia yenye kihisi kinachopima nguvu ya mguu, si kile kinachotambua tu kwamba pedeli zinazunguka, kwa sababu cha kwanza hukupa msaada kulingana na bidii yako. Ekseleta ya mkononi siipendekezi kwa anayetafuta mazoezi.

Hatua ya tano: Pima betri kabla ya kulipa

Hapa ninakuomba usome polepole, kwa kuwa hatua hii ilinigharimu siku mbili na safari moja ya mateso. Betri yangu ya kwanza ilikuwa na karatasi iliyosema volti 36, ampea-saa 15. Ukizidisha namba hizo mbili unapata wati-saa 540, yaani kiasi cha nishati ambacho betri inaweza kubeba. Niliondoka nayo Moshi kwenda geti la Marangu, lililo juu zaidi ya mita 1,800, safari isiyopungua kilomita 40 kwenda tu. Baada ya Himo, mlima ulipoanza kweli, mota ilikata. Baiskeli ile ilikuwa na kilo 24, na niliikanyaga na kuisukuma juani nikiamini kuwa mota imeharibika. Siku mbili zilizofuata nilifungua viunganishi, nikasafisha kihisi, nikabadilisha waya mmoja mzima ambao haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi ile.

Anza na hesabu ya mahitaji yako. Kuinua kilo 100, yaani mtu, baiskeli na mzigo, kwa kila mita 100 za kupanda kunahitaji wati-saa 27 hivi, hata kabla ya kuhesabu ukinzani wa barabara. Mwalimu hupanda kama mita 500, hivyo wati-saa 135 za kunyanyua peke yake. Njia ya vumbi huongeza takriban nusu ya hapo, jumla kama 200. Miguu yake ikifanya theluthi moja, mota inabaki na 135, na kwa kuwa karibu robo ya umeme hupotea kama joto njiani, betri itatoa 180. Kwa hiyo betri ya volti 36 na ampea-saa 10, yenye wati-saa 360, inamtosha na akiba ya kutosha. Sikumruhusu anunue kubwa zaidi, maana uzito wa ziada angeubeba kila jioni bila faida.

Sasa kupima. Njia ya kwanza ni mizani. Nyingi ya betri hizi huundwa kwa seli ndogo za duara zenye uzito wa gramu 45 hadi 50 kila moja, na pakiti ya volti 36 ina safu 10 za seli hizo. Betri ya kweli ya ampea-saa 15 inahitaji seli 50 za ampea-saa 3, yaani zaidi ya kilo mbili za seli tupu, kabla ya kasha. Yangu niliiweka kwenye mizani ya bucha, ikiwa na kasha lake lote, ikasoma kilo mbili kasoro. Ningefanya hivyo dukani, nisingelipa.

Njia ya pili ni saa. Iendeshe betri hadi ijizime yenyewe, iache ipoe, kisha ichaji huku ukiandika muda. Zidisha ampea zilizoandikwa kwenye chaja, upande wa kutolea umeme, kwa idadi ya saa. Chaja yangu ya ampea 2 ilijaza betri kwa saa nne na dakika chache, kwa hiyo ilikuwa na ampea-saa 8, karibu nusu ya ilichodai. Kuna tahadhari kadhaa: umeme ukikatika katikati, toa muda huo kwenye hesabu; karibu na kujaa, chaja hupunguza mkondo, kwa hiyo nusu saa ya mwisho isihesabiwe kikamilifu; na chaja duni hutoa pungufu ya ilivyoandikwa, hivyo kipimo cha saa kinaweza kuipendelea betri lakini ni nadra kuionea.

Ukigundua betri ni mbovu, usiifungue wala usimpelekee fundi redio aichomelee. Seli za lithiamu zikigusana vibaya huwaka moto usiozimika kirahisi. Na kama una ndugu Ulaya anayetaka kukuletea betri kwenye begi, mwambie mapema kwamba ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli karibu zote zinazidi hapo.

Katika matunzo, chaji ikiwa imepoa, mahali unapoweza kuiona, usilale ikichaji pembeni ya kitanda. Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, iache ikiwa na nusu ya chaji. Gharama ya umeme isikutishe, kwani kuijaza betri ya mwalimu hakufiki nusu uniti ya LUKU.

Hatua ya sita: Breki na adabu ya njia

Breki za diski za mafuta, kwa baiskeli yoyote inayoshuka kutoka Uru au Kibosho, na hasa ya umeme kwa uzito wake. Kagua pedi kila wiki wakati wa masika, kwa sababu tope letu huzisaga kama msasa. Cheni ipake mafuta ya cheni. Oili chafu ya gari hukusanya vumbi. Usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, presha ile husukuma maji ndani ya beringi za mota.

Kina mama wanaoshuka na ndizi kichwani hawawezi kuruka pembeni, kwa hiyo simama wewe. Na ukifika kwenye kingo za mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, shuka uikokote baiskeli. Tairi pana hubomoa ukingo, na aliye chini hukosa maji ya kumwagilia shamba lake.

Hatua ya saba: Pima maendeleo kwa betri yenyewe

Anza na siku tatu kwa wiki, kisha punguza kiwango cha msaada kwa kipande kimoja cha njia kila baada ya wiki mbili. Ukifika nyumbani, subiri dakika kumi ili volti itulie, halafu andika asilimia iliyobaki. Njia ni ileile na mzigo ni uleule, kwa hiyo kila asilimia inayoongezeka ni kazi ambayo miguu yako imeichukua kutoka kwa mota. Mwalimu alianza kwa kufika na asilimia 48. Ijumaa iliyopita alinitumia picha ya kioo cha baiskeli akiwa getini kwake: 61.