Wataka kuielewa kabaddi? Chora uwanja mchangani kwanza

Kama umewahi kuweka ligi ya kabaddi ya India kwa TV ukaona jamaa anaingia peke yake kati ya watu saba, anaguna guna kabaddi kabaddi kabaddi, mara wote wamemrukia, na wewe ukabadilisha chaneli, wala usione haya. Hata mimi nimebadilisha sana. Tatizo mchezo huu ukiuanza kwa kuangalia hushiki kitu, uanze kwa kucheza, na sisi wa Mombasa uwanja tunao bure, pale ufuo wa Pirates maji yakikupwa.

Nenda mchanga ukiwa mbichi na umeshikana, sio ule mkavu wa juu, ule miguu yazama na mtu atatoka na enka imefura. Pitisha macho kwanza uokote mawe na vigae vya chupa. Halafu chukua kijiti uchore boksi la mita 13 kwa 10, ugawe kati kwa laini moja, kila timu yapata nusu yake. Kutoka laini ya kati pima mita 3.75 kila upande uchore nyingine, hiyo reida, yani yule anaeingia peke yake kwa wapinzani, lazima aivuke (au aguse mtu) kabla hajarudi kwao, akirudi bila ni yeye yuko nje. Mita moja nyuma yake chora laini ya bonasi, ya reida kujipatia pointi ya ziada. Pembeni kushoto na kulia acha mita moja moja, hapo hapakanyagwi mpaka mtu aguswe kwanza. Hamna futi kamba? Pigeni hatua tu, hakuna atakaewashtaki.

Timu ni saba kwa saba, mkiwa wachache chezeni wanne wanne, kabaddi ya ufuoni ndivyo inavyochezwa hata kwenye michezo ya pwani ya Asia.

Sasa mchezo wenyewe. Reida anaingia kwa watu, ana sekunde 30 (saa ya simu yatosha), kazi yake aguse mtu, kwa mkono au kwa mguu, halafu arudi kwao huku bado anaita kabaddi bila kukata. Kila aliemgusa anatoka, pointi moja moja. Wakimkamata akashindwa kufika laini ya kati, anatoka yeye na wao wanapata pointi. Na hapa ndio utamu, ukimtoa mtu wa upande wa pili basi mmoja wako aliekuwa nje anarudi ndani, yani timu yaweza kubaki na watu wawili hoi na bado ikafufuka. Mkiwamaliza wote mnaongezwa pointi 2 juu kisha wote wanarudi.

Siku ya kwanza tulimchagua binamu yangu awe reida wetu, mtu wa mwili, anabeba magunia soko la Kongowea, tukajua leo watu watalia. Akaingia kifua mbele. Kulikuwa na kijana mmoja mwembamba upande wa pili wala hakumshika mwili, alishuka chini akamkamata kifundo cha mguu kwa mikono miwili akatulia hivyo hivyo kama aliekumbatia mnazi, wale wengine ndio wakaja juu yake. Binamu alilala mchangani mkono umenyooka, vidole vimebakisha shubiri moja kufika laini. Shubiri moja wallahi. Tangu siku hiyo nikirudi kwa TV naangalia miguu kwanza sio mikono, na mchezo ukafunguka wote.

Kwa hivyo wafundishe mabeki washikane mikono wawili wawili wakae kama mnyororo, mmoja akishuka mguuni mwenzake amzibe njia. Wakibaki watatu au chini yake wakamkamata reida wanapewa pointi 2, ndio ile wanaita super tackle, kwetu super tako (andika utakavyo, watu washacheka vya kutosha). Na laini ya bonasi ina faida mabeki wakiwa sita au saba tu.

Mkishacheza wiki mbili hivi, rudi kwa TV. Ligi yenyewe ilianza 2014 na timu nane, saa hizi ni 12. Bingwa wa kwanza alikuwa Jaipur Pink Panthers, timu ya Abhishek Bachchan, mtoto wa Amitabh yule wa sinema za nyumbani kwa kina mama. Wenye ligi waliuchukua mchezo wa vumbi la kijijini wakautia ndani, magodoro, taa, saa ya sekunde 30, na raundi ya kufa na kupona, yani timu ikitoka patupu mara mbili mfululizo, ya tatu lazima reida alete pointi la sivyo anatoka. Hiyo ndio ilioua kupoteza muda. Pesa nayo ikafuata, kwa mnada wa 2014 mchezaji wa bei ya juu alikwenda rupia 1,280,000, ilipofika 2023 Pawan Sehrawat akanunuliwa rupia 26,050,000. Na usidhani ni ya Wahindi peke yao, Wairani wamejaa humo, na Kenya ilipeleka timu kombe la dunia la Ahmedabad 2016.

Ukitaka timu ya kuanza nayo tafuta mechi za zamani za Patna Pirates, walibeba kombe mara tatu mfululizo, muangalie reida wao Pardeep Narwal anavyoinama kupita chini ya mikono ya mnyororo. Usijaribu siku ya kwanza, shingo ni yako.

Halafu mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia maji. Juzi tulikuwa 19 kwa 18, sekunde zinaisha, reida wao akadai amevuka bonasi na laini ya bonasi ishaliwa na bahari. Refa hakutoa pointi. Mpaka leo tunateta.