Kuifungua 720,720 bila kikokotoo

Vijana ninaowasomesha hisabati jioni hapa Langoni, Lamu, wakiona nambari ndefu mikono hukimbilia simu. Basi nazikusanya simu kwanza, kisha naandika 720,720 ubaoni.

Hatua ya kwanza: itazame tu, usigawe chochote. Ni 720 iliyoandikwa mara mbili. Yaani 720 × 1,000, ukaongeza 720 nyingine: 720 × 1,001. Nusu ya kazi imekwisha na kalamu haijaguswa.

Hatua ya pili: vunja kila kipande mpaka zibaki nambari tasa, yaani zisizovunjika zaidi. 720 haimsumbui mtu aliyewahi kuhesabu boriti, maana korija ni ishirini, na hizi ni korija 36. Kwa hiyo 36 × 20, ambayo ni 2⁴ × 3² × 5.

Yenye ujanja ni 1,001. Ukiiona utadhani ni nambari tasa, kumbe ni 7 × 11 × 13. Ikariri, itakufaa kwa nambari yoyote ya tarakimu sita. Chukua 845,481. Toa tatu za nyuma katika tatu za mbele: 845 − 481 = 364. Hiyo 364 ni 4 × 7 × 13, basi 845,481 nayo yagawika kwa 7 na kwa 13, ila kwa 11 haigawiki. Kwa nini? Kwa sababu 845 × 1,000 ni 845 × 1,001 ukipunguza 845. Ongeza 481 yako, utabaki na 845 × 1,001 − 364. Sehemu ya mbele imeshagawika. Kinachoamua ni 364 peke yake.

Hatua ya tatu: hesabu vigawo. Tumepata 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Kila kipeo, ile nambari ndogo ya juu (isipoandikwa ni 1), kiongeze moja, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Kijana mmoja alisahau kuongeza moja, akapata 8. Nikamwambia haya, vitaje. Akafika tisa hajavuta pumzi, akacheka mwenyewe. Ile moja ni ya kutochukua: katika zile 2 nne waweza kuchukua moja, mbili, tatu, zote, au usichukue hata moja. Hizo ni njia tano.

Kwa kupita tu: hii ndiyo nambari ndogo kabisa inayogawika kwa kila nambari kuanzia 1 hadi 16. Kwa 17 haigawiki.

Hatua ya mwisho: je, ni mraba wa nambari kamili? Hapa yatosha maneno mawili ya chuoni, shufwa (inayogawika kwa 2) na witiri (isiyogawika kwa 2). Vipeo vyote vingekuwa shufwa, ingekuwa mraba. Lakini 5, 7, 11 na 13 zina kipeo 1, witiri. Zipe kila moja mwenzake, yaani zidisha kwa 5,005, upate 3,607,203,600. Kipeuo chake cha pili ni 60,060. Itazame vizuri: 60 × 1,001.