Kwateti ya Feldman: fanyeni mazoezi mkono ukiwa umechoka

Kwateti ya pili ya ala za nyuzi (muziki wa wapigaji wanne) ya mtunzi Mmarekani Morton Feldman, ya mwaka 1983, inaweza kuchukua muda wa saa sita bila mapumziko, na sehemu kubwa hupigwa kwa sauti ya chini mno. Kinachowashinda wapigaji si noti, ni bega la mkono wa upinde: kuuzuia upinde usikandamize uzi kunachosha kuliko kupiga kwa nguvu. Basi msianzie ukurasa wa kwanza kila siku. Zipigeni kurasa za mwisho baada ya saa mbili tatu za mazoezi, bega likishalegea. Kubalianeni pia nani ageuze ukurasa lini, maana mchakacho wa karatasi husikika ukumbi mzima. Siku ya onyesho, maji mnywe kidogo kidogo tangu asubuhi, maana mapumziko hakuna.