Doa la lipstiki, doa la mshumaa: uanze na kiyeyusho kipi?

Maji ya moto ndiyo yanayoharibu nguo nyingi. Lipstiki ni nta, mafuta na rangi. Joto huyeyusha nta na mafuta, nayo yakazama kwenye nyuzi pamoja na rangi. Ondoa mafuta kwanza, rangi baadaye.

1. Soma lebo. Nguo ya asetati au triasetati isiguswe na asetoni (kiyeyusho cha kuondolea rangi ya kucha): kitayeyuka kitambaa chenyewe. Jaribu kiyeyusho kwenye upindo wa ndani, ngoja dakika 5, kisha bana kwa kitambaa cheupe. Rangi ya nguo ikihamia, acha.

2. Nta igandishe kwa barafu iliyo ndani ya mfuko wa plastiki, uikwangue kwa mgongo wa kisu. Mabaki yaweke kati ya tishu mbili, upitishe pasi ya uvuguvugu bila mvuke. Nta ya kawaida ya mshumaa huyeyuka kwenye nyuzi joto 50 hadi 65 hivi, kwa hiyo pasi kali haina kazi hapa. Tishu ikilowa, badilisha.

3. Lipstiki au fondesheni: laza doa kifudifudi juu ya kitambaa cheupe. Kwa nyuma tia matone ya sabuni ya kuoshea vyombo, dakika 10, suuza kwa maji baridi. Rangi iliyobaki igonge kwa pamba yenye spiriti isiyo na rangi, kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukisugua, doa linatanuka.

4. Rangi ya kucha: asetoni, kwa kugonga vilevile.

Vijiko 2 vya chai vya asetoni vinatosha. Fungua madirisha, zima jiko hata la chumba cha pili: mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye moto. Usichanganye chochote kati ya hivi na dawa ya klorini. Petroli, hapana kabisa.

Maswali

*Samahani mwalimu, spiriti ya zambarau imeacha duara kwenye kanzu nyeupe.*
Ni rangi ya spiriti yenyewe. Gonga kwa spiriti isiyo na rangi, ukibadilisha pamba kila mara, halafu fua.

*Mafuta ya taa je, kwa nta?*
Yanaiyeyusha, ila yanaacha doa la mafuta na harufu. Ukiyatumia, fua kwa sabuni na uanike nje. Pasi isikaribie kabla ya hapo.

*Buibui langu ni la polista, lina vito vya kubandika, limeingia wanja.*
Polista inastahimili asetoni, gundi na vito vya plastiki havistahimili. Sabuni, kisha spiriti kidogo, mbali na vito.